Kuchoka Moyo kwa Lugha Mbili

Furaha, mama yangu,

Uko kwa akina Espérance unawaaga wenzako wa kwaya, na kutoka hapa mezani nawasikia mkirudia wimbo uleule, mkikosea palepale na kucheka palepale. Nina muda kidogo kabla hujarudi. Karatasi hizi ni za ofisini. Nimeziomba kwa bosi, naye akacheka akasema, "Madame, hata karatasi tu unaombea ruhusa?" Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyo.

Mambo ya sabuni, ya kufunga begi, ya nani umpigie simu ukifika Area 25 kule Lilongwe, ya kutomwachia mtu kibali chako cha kutoka kambini akishike hata kwa utani, nimeyasema tangu asubuhi mpaka ukaniambia, "Mama, hata begi limeshasikia." Sitayarudia. Nataka kuandika juu ya jambo ambalo nikilisema kwa mdomo sauti yangu itabadilika, na badala ya kunisikiliza utaanza kunituliza. Ni juu ya siku zako za kimya.

Usikunje uso. Najua hupendi niziite hivyo, lakini sijapata jina jingine. Tangu ukiwa mdogo kuna siku unaamka ukiwa umeshaondoka. Unafagia, unajibu, unakunywa chai, lakini mwenyewe hauko. Zamani ilikuwa siku moja kisha unarudi. Siku hizi unakawia. Na jina tulilokupa halikusaidii, kwa sababu watu wa kambi hii ya Dzaleka hawaachi mzaha uwapite. Juzi tulipokuwa kwenye foleni ya maji Mama Régine alikuuliza mbele ya wote, "We Furaha, furaha yako umeiacha wapi leo?" Ukamjibu, "Iko nyumbani inalala, mama. Nimeogopa kuiamsha." Foleni nzima ikacheka, na Mama Régine akakusifu kwamba una mdomo. Mimi nilikuwa nyuma yako. Niliona ulivyoinua ndoo haraka ili uondoke kabla uso haujakugeuka.

Hapa nyumbani ukisema "niko bien", niko mzima, nasikia pale sauti inapozama mwishoni. Kule nani atasikia? Tantine wako Solange, utakayekaa kwake, ni dada yangu na ninampenda, lakini unamjua. Atakuuliza, "Umekula?" Ukisema ndiyo, kwake habari imekwisha. Hana ubaya. Kila jioni anarudi kutoka dukani miguu imevimba, na anaamini kwamba mtoto aliyeshiba na aliyevaa vizuri hana neno. Shuleni hawatakujua kabisa. Wewe utasema niko bien, wao watasema sawa, na mimi nitakuwa huku naandika majina ya watu kwenye dirisha la ofisi. Hofu yangu yote iko hapo. Magari, wezi na mitihani naviogopa pia, kama ninavyoogopa kila kitu, lakini hivyo naweza kuvisahau nikilala.

Kwa hiyo nikueleze habari ya Mtandire. Kipande unakikumbuka, kile cha mandazi. Kilichobaki sijawahi kukisema.

Ulikuwa na miaka minne hivi. Tulipanga chumba kimoja kule Mtandire, pembeni mwa Lilongwe, kwenye uwanja wenye wapangaji wengine na choo kimoja cha wote. Nilikuwa nauza vitenge kwa kuzunguka nyumba za Area 18, wewe mgongoni ingawa ulishakuwa mzito wa kubebwa. Siku moja simu ikaja kutoka Bukavu. Koko wako, mama yangu, ambaye jina lake ndilo hilo unaloitwa, alikuwa amefariki na ameshazikwa. Ndugu walingoja kunipigia mpaka maziko yaishe ili nisihangaike. Walinionea huruma. Hawakujua kwamba kuhangaika ndiko nilikokuhitaji.

Sikulia. Nilikuwa kijana bado, nimemaliza sekondari na diploma ya Leta, ile ya serikali, hodari wa Kifaransa, na nilidhani mtu aliyesoma hutoka kwenye huzuni kwa kufikiri. Nikajiambia nitalala kidogo, nitatafuta mzizi wa jambo hili, nikiupata nitaamka. Basi nikalala nikitazama ukuta. Wazo moja likaita jingine. Mama amekufa bila kuniona. Nimekuja nchi ya watu kufanya nini. Vitenge havinunuliwi. Mtoto huyu atakuwa nani. Kila nililoliwaza, nikilichukua peke yake, lilikuwa la kweli, na yote yakiwa pamoja yakawa uongo mkubwa ambao sikuweza kuukamata mahali unapoanzia.

Vitenge vilikaa kwenye mfuko. Wewe ulikula biskuti na chai iliyopoa. Ulikuwa na mchezo wa kugonganisha mifuniko ya sufuria, na siku zile uliigonganisha polepole, ukiweka kidole mdomoni kuinyamazisha, ili usiniamshe. Sikuwa nimelala, Furaha. Nilikuona.

Akina mama wa kanisa letu walisikia, wakaja. Walileta mchele na mafuta, wakaomba, wakaimba. Kisha mkubwa wao akanishika bega.

"Dada, bantu bengine bamepoteza familia nzima. We uko na mutoto, uko na nguvu. Ukamate moral, ujikaze."

"Ndiyo, mama."

"Mungu hapendake mutu wa kununa."

"Ndiyo, mama."

Walikuwa na nia njema, na ule mchele tuliula siku nyingi. Lakini walipotoka nilibaki na mizigo miwili, ule wa huzuni na ule wa aibu ya kuwa na huzuni wakati wengine wamepatwa zaidi. Tangu siku ile sijaona mtu aliyepona kwa kuonyeshwa mgonjwa kuliko yeye. Na bado nimekufanyia wewe hivyohivyo. Nitafika huko.

Ng'ambo ya uwanja aliishi mama mmoja Mmalawi, mama wa Mphatso, muuza mandazi. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili. Tulikuwa hatujuani zaidi ya salamu. Na wewe unazijua salamu za Wamalawi, hazikatwi katikati: hujambo, sijambo, sijui wewe, nami sijambo, asante. Asubuhi moja tulikutana kwenye njia ya chooni, akaniuliza kama kawaida, "Muli bwanji?" Nilitakiwa kusema "Ndili bwino", niko salama, nipite. Sijui kwa nini siku ile nilishindwa. Nilitaka kusema ukweli, lakini ukweli mdogo, wa mtu na jirani. Kwetu mtu husema nimechoka moyo, na kila mtu anaelewa: ana uzito, hana hamu, utapita. Nikageuza neno kwa neno kwa Chichewa yangu ya kuuzia vitenge. Kuchoka nilijua ni kutopa. Na moyo si moyo tu? Lugha hizi ni ndugu. Nyumba ni nyumba, moto ni moto, mwana ni mwana. Nikamwambia, "Ndatopa moyo." Hata nilijivunia ile sentensi.

Aliweka ndoo yake chini. Alinitazama mimi, akakutazama wewe uliyekuwa umeshika sketi yangu. Akaingia kwake, na mimi nikawaza kwamba nimemchosha mtu na shida zangu, ndiyo faida ya kuongea.

Kesho yake nilikuwa bado nimegeukia ukuta. "Odi!" Nikavuta shuka kichwani. "Odi!" Hodi yao na hodi yetu ni moja, huwezi kusema hukuielewa. Nikajibu. Mlango ukafunguka, na mama Mphatso alikuwa amesimama pale na ndoo mbili, moja yake, ya pili yangu aliyoiokota uani.

"Tiyeni," akasema. Twende.

"Wapi?"

"Kumadzi." Kwenye maji.

Nikamwambia leo siwezi. "Chabwino," akasema, sawa, na hakuondoka. Hakuingia, hakukaa, hakuniuliza nina nini. Alisimama tu na ndoo yangu mkononi kama mtu anayengoja mvua ikatike. Unajua mama yako alivyo. Siwezi kumwacha mtu asimame kwa ajili yangu, hata ofisini mtu akingoja kidogo dirishani naanza kutoka jasho. Nikaamka. Nataka ulijue hili vizuri, kwa sababu watu hupenda kusimulia jinsi walivyoamka kwa imani au kwa nguvu. Mimi niliamka kwa haya. Na miguu haikuuliza sababu, ilienda hivyohivyo.

Tangu hapo hakuniacha. Asubuhi maji. Baada ya maji, unga: alinipa kukanda kabla sijakubali. Mchana aliniweka juani nimenye karanga, na nikijaribu kurudi ndani kulala alikuwa na kazi nyingine ya kijinga kabisa, nishike uzi, nimhesabie watu wanaopita na mwavuli. Jioni, kila jioni, alikuja kuazima kisu changu. "Mpeni wanga wasowa." Kisu changu kimepotea. Asubuhi anakirudisha, odi, tiyeni. Nilikuwa nakuambia wewe, mtoto wa miaka minne, kwa sababu sikuwa na mwingine, Solange alikuwa hajaja nchi hii: "Huyu mama anapotezaje kisu kila siku?" Ukanijibu kwa akili yako, "Pengine anakila."

Nikaanza kuona kitu. Huzuni yangu ilijua Kiswahili na ilijua Kifaransa, na katika lugha hizo ilinishinda, ilikuwa na maneno mazuri kuliko yangu. Chichewa ilikuwa haijajifunza. Na mimi mwenyewe nilikuwa na maneno ya maji, ya bei, ya mvua na ya salamu tu. Ukiwa na maneno hayo peke yake huwezi kujisimulia kwamba maisha yako yameharibika. Saa zote nilizokaa na mama Mphatso huzuni ilibidi ingoje mlangoni. Ilikuwa inanisubiri nikirudi, sikufichi. Lakini nilirudi nimechoka mwili, nimekula, na nikalala kabla haijamaliza hotuba yake.

Halafu siku ile ya mandazi, ile unayoikumbuka. Alikuja mteja tukiwa tumemaliza, nikataka kuonyesha kwamba na mimi najua lugha. Badala ya kusema mandazi yamekwisha, nikasema yamechoka. Yule baba akayatazama makombo kwenye beseni. "Basi yaache yapumzike," akasema, "nitarudi kesho." Mama Mphatso akacheka mpaka akaketi kwenye unga. Na mimi nikacheka. Wewe ulitoka mbio ulikokuwa, ukanishika mashavu, ukachungulia mdomoni mwangu kuona ile sauti imetoka wapi.

Baada ya miezi kadhaa alinipeleka kanisani kwao. Mhubiri alikuwa akirudiarudia maneno "moyo wosatha, moyo wosatha". Nilielewa nusu: moyo usiokwisha. Nikashangaa ni moyo gani huo. Nikamnong'oneza mama Mphatso, moyo ni nini? Akavuta pumzi, akaitoa, akanionyesha inavyotoka. Akawaonyesha watoto waliokuwa wakikimbia nje. Akakugusa kichwa. "Moyo," akasema. Uhai. Uzima. Nikaweka mkono kifuani. Na hii?

"Mtima."

Sikusikia mahubiri yaliyobaki. Nilikuwa nimekaa nikirudia ile sentensi yangu niliyojivunia. Nilidhani nimemwambia jirani kwamba roho yangu imelemewa kidogo. Yeye alikuwa amesikia mwanamke kijana, mgeni, mwenye mtoto mdogo ameshika sketi yake, akisema kwamba amechoka kuishi.

Tulipotoka nikamshika mkono. "Amayi, siku ile chooni. Nilitaka kusema mtima."

"Mtima?"

"Mtima."

Akapiga makofi, akacheka, akaita mwenzake ili amsimulie, halafu katikati akaacha kucheka. Yule mwenzake akaenda zake. Nikamuuliza, na kisu? Alinijibu polepole, akichagua maneno ninayoyajua, kwamba kisu chake hakijawahi kupotea.

Nilitaka kumwambia hakukuwa na haja. Nilitaka kumwambia alinisikia vibaya, kwamba mimi sikuwa nimefika huko. Nikafungua mdomo. Na sikuweza kulisema, Furaha, kwa sababu sikuwa na hakika. Mimi ninayehakikisha kila kitu. Pale nje ya kanisa la watu ndipo nilipomlilia koko wako, kwa sauti, makamasi yakitoka, na mama Mphatso akawa ananipigapiga mgongoni akisema pepani, pepani, yaani pole.

Tulipohamia huku Dzaleka tulipoteana. Namba yake haiingii tena. Sijawahi kumshukuru kwa maneno yanayotosha, na hata leo Chichewa yangu isingetosha.

Sasa ile ya mwezi jana. Ulipolala siku ya pili bila kula, nikaja nikasimama juu yako na hofu yangu yote.

"Uko na nini?"

"Siko na kitu."

"Mbona huli?"

"Niko bien, mama. Niache tu."

Na nikasema yale yale niliyoambiwa Mtandire. Kwamba kuna watoto hapa kambini wasio na mama. Kwamba nimezunguka ofisi ngapi kutafuta kibali chako, na wewe unanilipa kwa kulala. Uligeukia ukuta. Nilikwenda kukaa uani, na nikakutana na aibu yangu ya zamani imevaa nguo zako. Simu ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimeshaanza kumwandikia tantine Solange kwamba hutakuja, kwamba tungoje mwaka mwingine, kwamba mtoto hayuko tayari. Nilikuwa nimebakiza kutuma tu.

Kisha nikaona ndoo.

Unakumbuka ulivyogeuka uliponiona mlangoni. Nikasema, "Tiyeni." Ukasema, "Sasa unaniongelesha Chichewa?" Nikasimama tu. Ukasema unaumwa kichwa. Nikasema chabwino, nikaendelea kusimama. "Mama, unaogopesha," ukasema, na ukaamka kutafuta kandambili zako ili tu nisiendelee kusimama pale kama polisi.

Sikudanganyi, maji hayakukuponya. Ulisimama kwenye foleni umenuna na jua linakupiga. Lakini yule bibi Mrundi alikuwa anagombana na mtu aliyemruka: "Mimi nilikuwa hapa kabla mama yako hajaolewa!" Yule kijana akamjibu, "Basi bibi, maji yangekuwa yameshafika kwako." Nikaona midomo yako inapigana na cheko. Na zamu ya bibi ilipofika, na ndoo ikamshinda kuinua, wewe uliyelala siku mbili uliichukua. "Tiyeni, koko," ukamwambia. Mkatangulia. Nilibaki nyuma yenu na ndoo zetu zote mbili, nikilia na kumwagikiwa maji. Ule ujumbe wa tantine niliufuta nikiwa njiani.

Ndiyo maana kesho unaenda. Sikuona kwamba umepona. Niliona tu kwamba unaweza kusimama mlangoni pande zote mbili, ya anayeitwa na ya anayeita.

Kule hakutakuwa na mtu wa kukushikia ndoo, angalau mwanzoni. Itabidi ujiambie mwenyewe, na ulisema kwa sauti, hata ikiwa ni ujinga: tiyeni. Usingoje kwanza kujua kwa nini una huzuni. Sababu ukiitafuta umelala, utapata nyingi mno. Amka unawe miguu kwa maji baridi. Sijui kwa nini miguu, lakini kwangu inafanya kazi kuliko uso. Fungua pazia. Kula kitu, hata nsima iliyobaki, ugali wa huku, kabla hujaamua lolote juu ya maisha yako, kwa maana njaa huongea kwa sauti inayofanana sana na sauti ya akili. Kama kuna watu wanachambua mboga, kaa nao uchambue, usiseme kitu kama hutaki. Nenda kanunue chumvi hata kama ipo, na msalimie muuzaji salamu nzima, mpaka asante ya mwisho. Chukua njia ndefu kurudi. Ukiweza kuimba, imba, hata ile alto yako inayowakasirisha akina Espérance.

Wakati mwingine haitasaidia. Nakuambia kweli. Mimi kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la ofisi naogopa kwamba leo nitaandika jina la mtu vibaya na maisha yake yatapotea ndani ya herufi moja. Kwa hiyo huwa nampitia mlinzi wetu kwanza, namuuliza habari za kuku wake, kuku kwa kuku. Siku nyingine nikifika kwenye kuku wa mwisho hofu imepungua. Siku nyingine najua habari za kuku wote na bado mikono inatetemeka. Basi naandika nikitetemeka, na majina yanatoka sawa. Wewe unanicheka kwamba nafunga mlango mara tatu. "Mama, mlango wenyewe umechoka." Huenda. Lakini tunalala, na asubuhi tunaufungua.

Sitakuomba usiwe na siku za kimya. Ukiniahidi hilo utakuwa unanidanganya tangu kwenye basi. Ninaomba kitu kimoja tu, usiniambie niko bien. Neno hilo lifute kati yangu na wewe. Sema nimechoka moyo. Sema kwa simu, andika, mwambie Solange aniambie, vyovyote. Nami sitakuhubiria. Sitakutajia watoto wasio na mama. Nitakuuliza tu: kwa Kiswahili ao kwa Chichewa?

Ukisema kwa Kiswahili, basi ni mtima. Tutaongea kidogo, nitakupa habari za kuku wa mlinzi, utaenda kunawa miguu, na kesho nitauliza tena.

Ukisema kwa Chichewa, usieleze. Usitafute maneno mazuri wala usiombe radhi. Usikae peke yako. Mwamshe Solange, mwambie neno hilohilo lilivyo, na yeye nimeshamfundisha leo kwa simu maana yake. Alicheka, kisha akasema polepole, "Nimesikia, mdogo wangu." Na mimi nitakuwa njiani kuja. Mambo ya kibali, ya ofisi, ya bosi, nitayaogopa nikiwa ndani ya minibasi.

Na wewe pia una haki ya kuniuliza. Mtoto akiondoka mama naye hubaki na ukuta wake. Usinionee haya, uliza.

Kwaya imenyamaza. Nasikia viatu vyako kwenye kokoto, na mtu anakusindikiza, nadhani ni Espérance, maana mnaagana tena kama hamkuagana. Nitaikunja barua hii na kuiweka katikati ya nguo zako za shule, nawe utaingia uniulize kwa nini macho yangu ni mekundu. Nitasema ni moshi. Lakini ukiisoma kule, jua jibu langu la kweli lilikuwa hili: leo nimechoka moyo, Furaha. Kwa Kiswahili.

Mama yako